Umeme wa Baridi

Kulikuwa na nchi, na kwa kuwa haimo katika ramani yoyote mliyonayo nyumbani, hamna haja ya kutazamana. Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani Mkwizu, fundi wa friji. Si friji za dukani za kupozea soda. Yeye alitunza mashine za Ghala Kuu la Baridi, jengo refu lisilo na dirisha hata moja, nyuma ya kituo cha reli. Katika vyumba vitatu vya ghala hilo ilihifadhiwa chanjo ya watoto wa nchi nzima. Katika chumba cha nne ilihifadhiwa nyama ya Ikulu. Kwa sababu ya chumba hicho cha nne, Ghala lilikuwa na laini yake ya umeme kutoka bwawani moja kwa moja, na mji mzima ulipokuwa gizani, chanjo ziliendelea kupata baridi kwa hisani ya nyama.

Sikudhani alikuwa mwoga. Nalisema hili mapema ili msije mkamvisha ushujaa asiokuwa nao. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa bahasha zenye mhuri. Mkuu wa kazi akimwita tu, tumbo lilimkata kabla hajajua anaitiwa nini.

Kazi ya friji ni kutoa joto ndani na kulitupa nje. Nyuma ya Ghala mabomba yalikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja, na joto lile lilipotea hewani mwaka baada ya mwaka. Upotevu huo ulimuuma, kama mpishi aonavyo wali mzuri ukimwagwa jalalani. Basi kwa miezi saba aliokota vyuma chakavu akaunda kimashine. Bomba la moto lilichemsha kimiminika kinachochemka upesi kuliko maji, mvuke wake ukasukuma gurudumu dogo, gurudumu likazungusha dinamo, na dinamo ikawasha taa moja. Taa hiyo aliitundika kwenye korido ili Mzee Shomvi, mtunza stoo, aache kujikwaa kwenye ngazi.

"Mwanangu, huu si umeme wa bure?" Mzee Shomvi alisema, akiitazama taa kama mtu aliyeletewa mjukuu.

"Si wa bure, Mzee. Mashine zinakula sehemu ishirini na tano za umeme, hiki kinarudisha sehemu moja. Ni makombo."

"Basi makombo yananitosha. Goti langu lilikuwa limeshachoka na ile ngazi."

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekosa cha kuwasimulia, kama Mheshimiwa Chande Kitwambi hangekuja kuchagua nyama ya sikukuu.

*

Mheshimiwa Kitwambi alikuwa Waziri wa Nishati, Mwanga na Furaha ya Umma. Alipita kwenye korido akiwa amekumbatia paja la ndama, akasimama chini ya ile taa. Aliufuata waya wake kwa macho. Haukuingia ukutani. Uliingia kwenye bomba la friji.

"Taa hii inapata wapi umeme?"

"Kwenye joto la friji, Mheshimiwa," Sikudhani alijibu. "Ila..."

"Kwenye friji!"

"Ndiyo, Mheshimiwa, ila ni kiasi kidogo sana, maana..."

Mawaziri wa nchi ile walikuwa na masikio mazuri sana, ila neno "ila" halikuwahi kuyaingia. Mheshimiwa aliondoka mbio na paja lake.

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alikuwa anakunywa chai redio iliposema: "Wataalamu wa taifa letu, chini ya uongozi wa Mtukufu Mlezi, wamegundua Umeme wa Baridi. Dunia nzima imeduwaa. Kuanzia leo friji za nchi hii hazitakula umeme. Zitauzaa." Aliliweka andazi chini. Alidhani ni kosa dogo, kosa la mtangazaji, ambalo mtu akiwahi ofisini linaweza kusahihishwa kabla ya saa nne.

Kwenye lango la Ghala alikuta watu wanne wakimsubiri. Watatu walishika maua. Wa nne hakushika ua lolote. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayesomea wagonjwa dua.

"Mimi naitwa Tindo, natoka Idara ya Usikivu. Nimepewa kazi ya kuilinda heshima yako, fundi."

"Heshima yangu? Kwani ina hatari gani?"

"Bado haina," alisema Bwana Tindo kwa upole, akaandika kitu.

Tangu siku hiyo alikuwa nyuma yake hatua tatu. Sikudhani akikohoa, yeye huandika. Akikaa kimya, huandika zaidi.

*

Bunge lilipitisha Sheria ya Joto la Taifa kwa makofi, yaani wabunge walipiga makofi na ikahesabiwa kuwa wamesoma. Joto lote linalotoka nyuma ya friji likawa mali ya serikali. Wakaguzi wa Joto walienda nyumba hadi nyumba wakigusa migongo ya friji kwa viganja. Friji yenye mgongo wa vuguvugu iliandikwa "mvivu", na mwenyewe aliitwa kujieleza. Watu wakajifunza kuacha milango ya friji wazi ili zihangaike na kutoa joto la kutosha. Maziwa yalichacha nchi nzima, lakini migongo ilikuwa moto. Mjane mmoja wa mtaa wa pili kutoka kwa Sikudhani aliweka jiko la mkaa nyuma ya friji yake, akapewa cheti cha bidii. Jikoni kwake kuliposhika moto, akapewa cha pili.

Sikudhani alivishwa nishani kubwa kama sahani ya chai. Mara tatu aliandika barua ya kusahihisha. Mara tatu aliichana vipande vidogo, akavitia kwenye uji na kuumeza, maana Bwana Tindo alikuwa akikagua hata pipa la taka.

Kisha ukafanyika mkutano wa wataalamu katika Chuo cha Ufundi. Mheshimiwa Kitwambi alihutubia saa mbili. Alisema zama za kutegemea mito ya maji, ambayo hutiririka bila nidhamu, zimekwisha. Alisema friji moja italisha friji nyingine, na hiyo italisha nyingine, mpaka umeme uwe mwingi kiasi cha kuwa kero. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali, kwa namna ile ya kuuliza ambayo watu wazima wanaielewa.

Mwalimu Sefu Mtawali aliinua mkono. Ndiye aliyemfundisha Sikudhani kuchomelea mabomba miaka ishirini nyuma.

"Samahani, Mheshimiwa. Hiyo friji ya kwanza inayozaa umeme, yenyewe inapata wapi umeme?"

Kila mtu ukumbini alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa Kitwambi, akatabasamu. Vijana wawili waliovaa suti walikuja wakamsaidia Mwalimu kusimama, ingawa alikuwa haumwi miguu. Katika kumbukumbu za kikao iliandikwa: "Mwalimu Mtawali aliunga mkono hoja kwa nguvu zote, kisha akaomba udhuru."

Siku mbili baadaye Sikudhani alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Mkewe alifungua mlango upana wa kiganja tu.

"Wameniambia kasafiri kikazi," alinong'ona. "Viatu vyake vyote viko hapa. Miwani iko hapa. Rudi kwako, mwanangu, na tafadhali usije tena."

Sikudhani alirudi. Njia nzima alihesabu hatua za Bwana Tindo nyuma yake, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu.

*

Ndipo ikatangazwa Siku ya Kujitegemea kwa Friji. Jumamosi ya wiki ile Mtukufu Mlezi angekata kwa mkasi wa dhahabu laini ya bwawani iliyolisha Ghala Kuu. Kuanzia hapo Ghala lingejiendesha kwa joto lake lenyewe, na ziada ingewashia mji.

Wiki hiyo hiyo ililetwa chanjo ya surua, makasha mia tatu na arobaini. Surua ilikuwa imeingia katika wilaya za ziwani na watoto walikuwa wanakufa. Malori ya kuipeleka yangekuwa tayari wiki iliyofuata. Mzee Shomvi aliyapanga makasha vyumbani, kisha akamtazama Sikudhani.

Sikudhani alikwenda kwa Waziri. Bwana Tindo aliachwa nje ya mlango, kwa kuwa hata Usikivu ulikuwa na ngazi zake.

"Mheshimiwa, waya ukikatwa, mashine zitasimama papo hapo. Kile kimashine changu kinarudisha sehemu moja kati ya ishirini na tano. Chanjo zote zitaharibika."

Mheshimiwa Kitwambi aliinuka, akafunga dirisha, akafungua bomba la maji la kunawia mikono ili liungurume, akamsogelea. Kwa mara ya kwanza Sikudhani aliona jinsi kope za yule mtu zilivyokuwa zikichezacheza.

"Unadhani sijui?" alinong'ona. "Nilijua siku ya pili. Lakini nilishamwambia Mtukufu siku ya kwanza. Waziri aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alimwambia Mtukufu kwamba mvua itanyesha Jumanne. Ikanyesha Jumatano. Unajua yuko wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hata mkewe hajui." Alifunga bomba, akapaza sauti kwa ajili ya ukuta: "Hongera sana, fundi! Endelea na maandalizi!"

Sikudhani alitoka akiwa na woga wa watu wawili, wake na wa Waziri.

Ni woga huo huo uliompa akili. Jirani na Ghala kulikuwa na kiwanda cha mikate chenye umeme wake. Watu wa mapambo walikuwa wanachimba mtaro kati ya majengo hayo mawili wa kusimikia bendera mia moja. Mchana kweupe, chini ya pua za wapambaji, Sikudhani na Mzee Shomvi walilaza waya mnene kutoka kiwandani ndani ya mtaro ule, wakaufikisha kwenye swichi kubwa ya wenzo, mpini wa kupandishwa na kushushwa, kando ya mashine.

"Waya huo ni wa nini?" Bwana Tindo aliuliza.

"Wa bendera."

"Bendera zinatumia umeme?"

"Za sherehe hii, ndiyo."

Bwana Tindo akaandika.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mtukufu Mlezi alifika na msafara wa magari thelathini na gari moja tupu, la kubebea uchovu wake. Milango ya vyumba vyote vya baridi ilikuwa imefunguliwa kabisa, kwa amri ya Itifaki, ili Mtukufu aione baridi kwa macho yake. Juu ya kila mlango palikuwa na saa kubwa ya kupimia baridi. Kwenye vyumba vya chanjo mshale ulikuwa kwenye nyuzi joto nne. Ukipita nane, chanjo si chanjo tena.

Mtukufu alikata waya. Sikudhani alikuwa ameshaugeuza wenzo. Mashine ziliendelea kunguruma, taa ziliendelea kuwaka, na umati ukalipuka kwa vigelegele. Mzee Shomvi alifumba macho akashusha pumzi. Chanjo zilikuwa zimepona.

Mtukufu alitokwa na machozi. Aliushika ule waya uliokatwa kama mtu ashikavyo nyoka aliyemuua mwenyewe, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wananchi wangu. Nimeona. Sitaki watu wa Ghala pekee waneemeke. Natamka hapa hapa, bila kikao: Jumatatu asubuhi hospitali zote za nchi hii zikatwe laini. Wodi za wazazi zianze."

Vigelegele vikarudi. Sikudhani hakusikia. Aliona wodi ya wazazi alikomzalia bintiye, na vile vitanda vya kioo vya watoto njiti, na taa ya chumba cha upasuaji. Alielewa kwamba ni yeye, kwa mkono wake, aliyeufanya uongo uweze kutembea. Kusema kungesaidia nini? Mwalimu Mtawali alisema, na maneno yake yakaandikwa upya kabla kiti chake hakijapoa. Maneno yaliweza kuandikwa upya. Alirudi nyuma hatua mbili, akaushika wenzo kwa mikono yote miwili, akaushusha.

Ngurumo ikafa. Taa zikafa. Ukimya uliofuata ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walisikia bendera mia moja zikipepea.

Mtukufu aligeuka polepole. "Nini hiki?"

Mheshimiwa Kitwambi alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Mtukufu," alisema hatimaye, "mashine... mashine zimenyamaza kwa heshima yako."

Mtukufu aliwaza. Kisha akavua kofia na kusimama wima. Jeshi likasimama wima. Mabalozi wakasimama. Bendi ikashusha tarumbeta. Nchi nzima iliyokuwa ikisikiliza redioni ikasimama mbele ya redio zake.

Sasa sikilizeni ugumu ulipokuwa. Kwa itifaki, hakuna mtu awezaye kuvunja ukimya kabla ya Mtukufu. Na Mtukufu, kwa adabu, alikuwa anazisubiri mashine zimalize.

Dakika tano. Nyuzi tano. Dakika kumi na tano. Balozi mmoja alizimia kwa jua, akazimia bila kelele. Nyuzi sita. Maji yalianza kudondoka kwenye kingo za milango. Mzee Shomvi alimtazama Sikudhani, akautazama wenzo, akamtazama tena. Sikudhani alijua: akiurudisha, mashine zitakuwa zimemaliza heshima zao, uongo utapigiwa makofi, na Jumatatu itafika. Asipourudisha, chanjo ya ziwani itageuka maji. Nyuzi saba. Bwana Tindo alikuwa hatua tatu nyuma yake. Sikudhani alisikia pumzi zake. Alitamani kuzimia kama yule balozi. Nyuzi saba na nusu.

"Mtukufu," alisema, "hazijanyamaza kwa heshima. Zimekosa umeme."

Watu waliokuwa karibu naye walisogea kando bila kupanga, akajikuta peke yake katikati ya duara tupu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Sikudhani, fundi wa friji. Ulipokata waya, mashine ziliendelea kwa umeme wa kiwanda cha mikate. Mimi ndiye niliyeuvuta. Mimi ndiye niliyeuzima sasa hivi. Hakuna Umeme wa Baridi, Mtukufu. Yapo makombo ya kuwasha taa moja. Ukikata hospitali Jumatatu watu watakufa, na hapa watoto wa ziwani wanaharibikiwa chanjo tukiwa tumesimama."

Mtukufu alimtazama, akaitazama milango iliyo wazi, mmoja, wa pili, wa tatu. Jicho lake lilisimama kwenye wa nne.

"Na nyama yangu?"

"Inayeyuka, Mtukufu."

"Washeni!" alipiga kelele Mlezi wa Taifa. "Washeni! Fungeni milango!"

Sikudhani aliupandisha wenzo. Mshale ulitetemeka karibu kabisa na nane, ukasimama, kisha, taratibu, ukaanza kurudi. Alikaa chini sakafuni.

*

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana, na kwamba taifa lilishiriki ukimya wa dakika thelathini na nane, ambao ni rekodi. Kukatwa kwa hospitali kuliahirishwa kwa miaka mia moja, kwa sababu za kiufundi. Laini ya bwawani iliungwa tena chini ya jina la Uzi wa Akiba.

Sikudhani hakukamatwa siku hiyo. Si kwa huruma. Kamati ya Makosa ilikaa siku tatu ikitafuta kosa lake. Kuandika kwamba aliiba umeme ni kukiri kwamba Umeme wa Baridi haukuwepo. Kuandika kwamba alisema uongo ni kuhitaji ushahidi wa ukweli, na shahidi wa mwisho alikuwa safarini bila viatu. Siku hizo tatu Bwana Tindo hakuonekana langoni, na kutoonekana kwake kulimtisha Sikudhani kuliko alivyowahi kumtisha kwa kuonekana. Alifunga kibegi: kanga mbili, mswaki, sweta. Alimpeleka bintiye kwa dada yake, akamdanganya kwamba ni likizo.

Siku ya nne asubuhi Mzee Shomvi alimkuta nyumbani kwenye kiti, kibegi mapajani.

"Malori yanaondoka sasa hivi. Friji ya lori la kwanza inasumbua."

"Mzee, watanifuata."

"Watakufuata hapa, watakufuata kule. Kule wewe una kazi."

Alipanda. Safari ya saa tisa alikaa nyuma na makasha, sikio lake likiwa kwenye mashine ya lori na jicho lake likiwa barabarani nyuma yao. Kila vumbi lilipoinuka alishika kibegi. Lilikuwa ni basi, au ng'ombe, au upepo.

Zahanati ya kwanza ilikuwa na chumba kimoja, na foleni ya akina mama ilizunguka jengo mara mbili. Nesi aliyeitwa Mwajabu alifungua kasha la kwanza, akagusa chupa kwa kidole, akacheka kwa furaha. "Baridi hasa! Mara ya mwisho walituletea za vuguvugu. Wewe ndiye fundi? Nishikie hapa, dada, unipe moja moja, usiliache wazi."

Wakaanza. Mtoto wa kwanza alilia, wa pili akalia kwa kumsikia wa kwanza. Sikudhani alifungua, akatoa, akafunga. Walipofika mtoto wa arobaini aliona vumbi kule mwisho wa barabara. Alitaka kukimbia, kulikuwa na mashamba ya mihogo nyuma ya zahanati. Alifungua, akatoa, akafunga. Vumbi likawa gari, gari likawa jeusi. Nesi Mwajabu alilitazama gari, akamshika kifundo cha mkono bila kuuliza, akaipokea chupa. Mtoto wa hamsini na tano. Wa hamsini na sita.

Gari lilisimama. Wanaume watatu walishuka, wakajipangusa vumbi, wakasimama mlangoni mwa chumba wakiwa wameziba mwanga. Wa mbele, ambaye Sikudhani hakuwahi kumwona, alikuwa na bahasha yenye mhuri wa Kamati ya Makosa.

"Sikudhani Mkwizu ni nani hapa?"

Mtoto wa sitini na moja alikuwa bado analia begani kwa mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Subirini kwanza nifunge hili kasha, baridi isitoke."

Akalifunga kwa mikono miwili, akalikandamiza mpaka likalia tiki, akamsogezea Nesi Mwajabu.